Nipeni Hata Pingili Moja

Jirani, mtu akikufuata barazani akakwambia, "Tumekuona unafaa kuwa mratibu," kimbia. Usiulize posho. Kimbia kwanza, posho utaiuliza ukishafika Nangurukuru.

Mimi sikukimbia. Nilikuwa nadaiwa tairi la bodaboda. Na vigezo vyao, kumbe, ninavyo vyote: nina pikipiki, namfahamu nahodha, namfahamu mtendaji wa kijiji, simu yangu inashika mtandao. Basi nikapewa fulana. Mbele imeandikwa Mratibu wa Uwandani. Nyuma kuna nembo saba, maana wabia ni saba: vyuo vitatu vya ng'ambo, viwili vya hapa nchini, taasisi moja ya serikali na asasi moja. Hakuna mbia aliyekubali nembo yake iwe ndogo kuliko ya mwenzake. Ikabidi fulana iletwe ya saizi ya nembo, siyo ya saizi yangu. Mikono inanifika viganjani. Upepo ukiingia kwa chini navimba, watoto wa Kilwa Masoko wananifuata hadi bandarini wanapiga makofi.

Kazi ya mradi ni kupima namna bahari inavyokula ufukwe na kuta za zamani kule Kilwa Kisiwani, na wakazi wanaishije na hilo balaa. Si utani. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, mawimbi yakiwa miongoni mwa washtakiwa, yakaja kutolewa 2014. Hiyo miaka nimeikariri kwa sababu kila mgeni ananiuliza, na nikibabaika wananitazama kwa huruma. Mwenyekiti wa kijiji nilipomweleza kwamba wanapima bahari inavyokula nchi, alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Sasa wakishaipima, itashiba?" Nikaliandika hilo swali kwenye daftari la mradi, kipengele cha changamoto. Likarudi kutoka ng'ambo limepigwa mstari mwekundu.

Tuanze na uongozi, maana ndo ulioniponza. Huu mradi una Kiongozi Mkuu, yuko ng'ambo. Ana mwenzake wa upande wa Tanzania, tunamwita Dokta, yuko Dar. Kazi imekatwa mafungu, kila fungu na kiongozi wake. Kuna kiongozi wa data. Kuna kiongozi wa maadili. Kuna kiongozi wa mawasiliano, huyo hapokei simu. Kuna kamati ya kuwashauri viongozi, nayo ina mwenyekiti na makamu. Siku moja wakabandika ukutani mchoro wa utawala, vijisanduku na mishale. Nikaanza kumtafuta mtu asiyeongoza mtu. Nikamkuta chini kabisa, kona ya kulia. Ndo mimi. Mishale yote imeishia kwangu, na kutoka kwangu hakuna mshale unaokwenda popote.

Kwa hiyo Kiongozi Mkuu akitaka ndoo, anamwandikia Dokta. Dokta anamwandikia kiongozi wa fungu. Kiongozi wa fungu anawanakilia wote. Watu wanajibu, "Asante kwa taarifa." Wengine wanajibu kuwashukuru waliojibu. Ndoo naleta mimi, ya mama watoto, ile ya kufulia, na mpaka leo haijarudi. Siku hizi mama watoto naye ananiita Mratibu, lakini anavyolitamka si kwa heshima.

Halafu kuna ile chati. Chati ya Excel, ina rangi kama doti za kanga siku ya harusi. Imechorwa mwaka mzima kabla hawajafika, ofisini, kwenye mji usio na bahari. Chati inasema kupima ufukwe: Julai. Kwa nini Julai? Kwa sababu Julai vyuo vyao vimefunga, maprofesa wana nafasi, na nauli imeshaombewa fedha. Hakuna aliyeuliza Julai huku kuna nini. Julai huku kuna kusi, jirani. Inaanza Aprili kwa upole, ikifika Julai imeshaota meno. Wavuvi wenyewe wanakaa pwani wanashona nyavu. Ukitaka bahari ya utulivu ungoje tanga mbili, pepo zinapopeana zamu. Nahodha aliyasema haya mbele ya kikao kizima, tena kwa kituo. Kiongozi wa fungu akamsikiliza kwa adabu sana, akasema ataliingiza kwenye mafunzo yaliyopatikana. Yaani tukaumie kwanza, ndo liwe funzo.

Tukaumia. Chati ilisema Jumatatu saa mbili asubuhi tupime maji yakiwa yametoka. Nahodha akatazama mwezi, akasema Jumatatu saa mbili maji yamejaa, tena ni maji mafu, hata mkisubiri mchana hayatoki sana. Mnachotaka ninyi ni bamvua, na bamvua inakuja na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, haiji na Jumatatu. Wakanigeukia mimi. Wakasema, Mratibu, hivi haiwezekani ukazungumza na wahusika? Nikasema nitajaribu. Wahusika ni nani mimi sijui, lakini mbele ya nembo saba unaanzaje kusema hapana?

Jumatatu tukavuka. Dau lilipita mawimbi yote, hakuna wimbi lililoachwa. Profesa mmoja mtu mzima, mwenye heshima zake, alinishika ukosi wa fulana tangu Masoko mpaka Kisiwani. Ile fulana sasa ina shingo ya kanzu ya kike.

Vikao navyo ni kwa Zoom. Mtandao wa uhakika kwetu uko juu ya tangi la maji la gesti, lazima upande ngazi. Nimepanda, nimefika, nimejifuta jasho, nimefungua, wanaagana. Kumbe Ulaya mwezi Machi wanaisogeza saa mbele, Oktoba wanairudisha nyuma. Nchi nzima wamekubaliana! Sasa saa unaisogezaje bila kumtumia mtu meseji? Nikaandikwa hayupo. Kikao kilichofuata nikawahi, nikasalimia kila mtu kwa jina. Bando likaisha pale pale walipofika kipengele cha maoni kutoka uwandani. Waliniona nimeganda, mdomo wazi, nyuma yangu kuna kunguru. Binti mmoja wa shahada ya uzamivu akapiga picha ya ile skrini. Ipo kwenye ripoti ya mwaka, ukurasa wa ushirikishwaji wa jamii.

Nisiwasahau wenye mihuri. Mgeni hafanyi utafiti Tanzania hivi hivi tu. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, inataka mgeni awe na kibali, na awe na mbia wa hapa nchini. Mimi naunga mkono kabisa, bila hivyo huyo Dokta wetu angeitwa dereva. Lakini kibali cha Dar ni mwanzo tu wa msafara. Kuna barua ya mkoa, kuna ya wilaya, kuna kata, kuna kijiji. Kila mahali wanagonga muhuri pembeni ya muhuri wa waliotangulia, na kila mahali wanataka nakala. Hela ya fotokopi haimo kwenye chati. Halafu kuna wenye magofu, na magofu siku hizi yako mikononi mwa TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Usicheke, ndo hivyo. Profesa alilisoma bango lao mara mbili, akanivuta pembeni, akaniuliza kama kule ndani kuna simba. Nikamwambia kuna popo. Akauliza wamehesabiwa?

Barua zikitimia, sasa ndo unakutana na fomu ya ridhaa. Kurasa sita. Kiongozi wa maadili alisema lazima asomewe mtu yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe nimekitafsiri mimi usiku kwa tochi. Tukaanza na mzee mmoja mvuvi, kule Kisiwani. Shikamoo, marahaba. Amewekewa soda. Binti wa uzamivu anasoma, mimi namsindikiza. Tukafika pale palipoandikwa: ushiriki wako ni wa hiari, unaweza kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu na bila kudaiwa chochote.

Mzee akainua mkono. "Wakati wowote?"

"Ndiyo, babu."

"Hata sasa hivi?"

"Hata sasa hivi, babu."

Akasimama. Akachukua soda yake. Akasema, "Haya wajukuu zangu, Mungu awaongoze," akaondoka. Binti akaandika: mshiriki wa kwanza amejitoa. Akanigeukia akaniuliza ile soda tuiandikeje, maana kwenye bajeti soda ni fidia ya muda wa mshiriki, na huyu hakutoa muda. Nikailipa mimi. Kesho yake asubuhi tukakuta foleni. Watu kama 40, wamekuja kujitoa.

Usidhani watu wa huku hawajui utafiti. Wanaujua kuliko mimi. Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960, akaja kutoa vitabu viwili vinene mwaka 1974, na wazee waliobeba karai la mchanga bado wanatajwa kwenye familia zao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 akaja mtafiti Paul Pearson na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa TPDC. Wakawa wanatoboa ardhi hapa Kilwa na kule Lindi. Sasa wewe fikiria: TPDC ni shirika la mafuta, gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na bomba limeshafika Dar, halafu unaona mtambo unatoboa nyuma ya shamba la mjomba wako. Watu wakaanza kupanga nyumba za ghorofa. Kumbe wenzetu wanatafuta makombe ya vidudu vya bahari, vidogo hata kwa macho huvioni, vingine vya miaka milioni 34 iliyopita, enzi dunia ilipopoa na barafu ikaanza kujikusanya Antaktika. Udongo wa mfinyanzi wa pwani yetu ulivihifadhi vikabaki vinang'aa, ndo maana wanasayansi wanaoulizia tabianchi ya kale wanaitaja Kilwa. Mjomba bado ana bati zake za zamani.

Mwaka 2023 ikatoka makala ya vinasaba, kwenye jarida la Nature. Kundi la kina Chapurukha Kusimba na David Reich, na orodha ya waandishi ndefu mpaka unachoka kusogeza, walipima mabaki ya watu 80 wa zamani, Kilwa na Songo Mnara wamo. Upande wa mama wengi ni Waafrika, upande wa baba umejaa Uajemi, kuanzia kama mwaka 1000. Hapa barazani palichimbika. Mzee mmoja akasema miaka yote anajiita Mshirazi watu wanamcheka, sasa anataka aombwe radhi kwa maandishi. Mkewe akamwambia wamepima wafu, hawajakupima wewe.

Kwa hiyo ukifika na dodoso lako, mtu anakuuliza: wale waliotangulia walipata nini, na majibu yako wapi? Na anayeulizwa si Kiongozi Mkuu. Kiongozi Mkuu ameshapanda ndege. Anaulizwa aliyevaa fulana.

Tuje kwenye fedha, tupite haraka maana nina presha. Fedha za uwandani zinaitwa masurufu. Unazipokea kwa furaha, unazirejesha kwa risiti. Mhasibu wa ng'ambo anataka kila senti iwe na risiti ya mashine. Mama wa vitumbua hana mashine. Nahodha hana mashine, ana dole gumba. Nikampeleka yule mama kwa fundi simu tukachapa karatasi yenye jina lake, likarudi swali: mbona hakuna ushindani? Kwa huduma yoyote leteni profoma tatu kutoka kwa watoa huduma watatu. Profoma tatu za supu ya pweza, jirani! Nikazileta. Muuzaji ni mmoja, dada yake, na mama yao. Wakamchagua mama yao, maana bei yake ilikuwa ya chini. Mama yao hapiki, amepooza mkono. Tukakaa wiki nzima hatunywi supu kwa sababu za utawala bora.

Halafu wakatuita Lindi kwenye semina. Mada ni ushirikiano wenye haki katika utafiti. Hoteli nzuri, inatazama bahari. Mtoa mada akaeleza kwamba mwaka 2022, kwenye mkutano wa dunia wa uadilifu wa utafiti uliofanyika Cape Town, watafiti waliandaa tamko kuhusu haki na usawa, kwamba wa nchi tajiri na wa nchi masikini washirikiane kwa haki tangu kupanga swali mpaka kugawana sifa. Maneno matamu kweli. Nimeyasikia yote. Soketi ya ukumbi ilikuwa legelege, ukiiachia projekta inazima, kwa hiyo semina nzima ya usawa nimeihudhuria nimechuchumaa nyuma ya pazia nimeshikilia plagi. Waliposema maswali, nikainua mkono wa kushoto. Pazia likatikisika. Wakasema fungeni dirisha. Chakula nilikikuta ni ukoko.

Lakini ile safari ilinifungua macho, na aliyenifungua ni Dokta. Gari lilipata pancha, tukakaa chini ya mkorosho, yeye akawa anasimulia habari za Tendaguru. Wewe Tendaguru unaijua kwa mjusi tu. Ni kilima, kilomita kama 60 kutoka Lindi mjini kuelekea kaskazini magharibi. Vita vya Majimaji vimeisha juzi tu, nchi imechomwa, watu wana njaa. Mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, akapeleka habari za mifupa mikubwa. Basi Berlin ikafunga safari. Kuanzia 1909 hadi 1913 wakachimba. Kwenye karatasi wakuu ni Werner Janensch na Edwin Hennig, baadaye Hans Reck. Kule shimoni mkuu wa wachimbaji ni Boheti bin Amrani. Miaka ya kilele wafanyakazi walifika kama 500. Tani zaidi ya 200 za mifupa na mawe yake zilitoka pale, hakuna reli, hakuna Fuso. Ni vichwa na mabega ya watu mpaka bandari ya Lindi.

Nikamwambia Dokta, ngoja. Watu 500? Nani alikuwa anawapanga? Nani anajua huyu ana homa, yule kagombana na huyu, maji yameisha, mfupa huu ukiufunga vibaya utavunjika njiani? Janensch alikuwa anajua Kimwera? Dokta akatabasamu. Nikasema basi ndo huyo! Huyo ndo mratibu wa uwandani! Nikajikuta nimesimama, fulana imejaa upepo.

Sasa sikiliza mgao. Yule mjusi mkubwa kuliko wote, aliyesimamishwa makumbusho ya Berlin mwaka 1937, zaidi ya mita 13 kwenda juu, jina lake la kisayansi amepewa Branca. Branca ni nani? Mkurugenzi wa makumbusho, aliyechangisha fedha. Shimoni hakuonekana. Kuna mwingine mwembamba, wa mbio, Elaphrosaurus bambergi. Huyo Bamberg ni tajiri, alichangia. Nikauliza, na Boheti? Dokta akasema amepewa, Australodocus bohetii. Nikafurahi nikapiga makofi. Lini? Mwaka 2007. Nikahesabu kwa vidole, tangu kambi ifungwe ni miaka 94. Haya, si haba. Mjusi mzima? Dokta akatazama pembeni. Akasema pingili mbili za shingo.

Pingili mbili! Aliyetoa hela kapata mnyama mzima anayegusa dari, aliyekaa shimoni misimu yote kapata pingili mbili za shingo, tena baada ya miaka 94. Na Wamwera je, wenye nchi? Dokta akasema nao wamekumbukwa, mwaka 2019, pamoja na msimamizi mmoja wa uchimbaji, Mohammadi Keranje. Wamweracaudia keranjei. Nikamuuliza hiyo ni sehemu gani. Akasema mkia.

Fundi wa pancha akasema tayari. Nikapanda gari sijisikii vizuri.

Siwapondi wote, jirani. Wapo waliofika wakakaa. Katikati ya miaka ya 1990 vijana wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikuja Kilwa kutafiti mpingo, ule mti wa vinyago ambao Ulaya wanautengenezea zumari zao za bei mbaya. Wanafunzi tu, mabegi mgongoni. Ile safari haikuishia kwenye makala, ikageuka asasi ya hapa hapa Kilwa. Wakahangaika na vijiji vimiliki misitu yao kisheria, na mwaka 2009 Kikole na Kisangi wakapata cheti cha FSC cha kuvuna kwa utaratibu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Kijiji kinauza gogo, kijiji kinapata hela. Pale hata usipotajwa kwenye shukrani humwulizi mtu. Mimi nikimsikia Kiongozi Mkuu anasema "athari kwa jamii", ninawakumbuka wale. Walichukua miaka mingapi? Sisi mradi wetu unafungwa mwakani na ripoti ya athari inatakiwa mwezi huu.

Na makala yetu imetoka. Nilitumiwa. Waandishi 19. Nimewasoma mmoja mmoja kwa kidole. Namba 11 ni yule kiongozi wa mawasiliano asiyepokea simu. Namba 16 ni mtu ambaye hata Dokta hamjui. Kuna ugomvi ulipita chini kwa chini nani awe wa kwanza na nani wa mwisho, maana kwao eti wa mwisho ndo mkubwa, sasa sijui kwa nini wanagombania wa kwanza. Binti wa uzamivu alilia. Kamati ya ushauri ikakaa vikao. Nikasogeza mpaka mwisho, kwenye Shukrani. Nikavuta pumzi. Wameshukuru mfadhili, na namba ya mkataba. Wameshukuru ofisi zote zenye mihuri. Wamemshukuru dereva wa gari la kukodi, majina matatu kamili, kwa sababu risiti yake ilikuwa ya mashine. Halafu: tunawashukuru wenyeji wa Kilwa kwa ukarimu wao.

Wenyeji wa Kilwa! Wilaya nzima! Nimegawana sentensi moja na watu waliokuja kujitoa na soda zao.

Sasa nasikia Lindi, pale Ngongo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi ya mambo ya kilimo, kwa fedha za HEET, ule mradi wa vyuo vikuu wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia ulioanza 2021. Yaani watafiti watakuwa wanatoka hapo tu, siyo wa kupokewa uwanja wa ndege. Mimi nafurahi. Mtu anayelala Lindi Julai hawezi kuniambia nikazungumze na wahusika, kusi itakuwa imeshamng'olea bati. Lakini safari hii sikubali kienyeji. Nimeandika masharti, nikayaweka kwenye grupu la WhatsApp la mradi, wote wayaone, mishale ipande juu kidogo. Mwezi utazamwe kabla ya chati. Ndoo zinunuliwe. Nahodha aulizwe wakati wa kuomba fedha, siyo wakati wa kuzama. Aliyejibu dodoso asomewe majibu, kwenye baraza lake, kwa lugha yake. Na jina langu liandikwe. Sijaomba mjusi mzima, mimi si Branca. Nipeni hata pingili moja, namba 17, nyuma ya yule asiyejulikana.

Dokta akaweka dole gumba. Kiongozi wa data akauliza haya masharti yanaingia fungu la ngapi. Kiongozi Mkuu akaandika, "Asante kwa taarifa," na watu wanne wakamshukuru. Halafu simu ikaita. Kiongozi wa mawasiliano! Kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, anapiga yeye mwenyewe! Nikapanda juu ya tangi mbio, nikapokea kwa mikono miwili, nikasema naam, Mratibu hapa.

Alikuwa anataka namba ya nahodha.